UZI: Sungura haogeshwi, anachanwa. Tuzungumze manyoya, ngozi na kucha za wanyama wadogo wa nyumbani

Kitana_Laini (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimeamua kuliandika hili kwa urefu kwa sababu swali ni lile lile kila mara: "Sungura wangu amechafuka, nimuogeshe kwa sabuni gani?" Jibu langu ni fupi: usimuogeshe. Sababu zake ndizo ndefu.

Sungura ana manyoya ya tabaka mbili. Chini kuna sufu laini iliyoshonana, ndiyo inayotunza joto. Juu yake kuna manyoya marefu na magumu kidogo yanayoikinga ile ya chini. Ukimtumbukiza majini, sufu inalowa hadi kwenye ngozi na inachukua saa nyingi kukauka, na muda wote huo mnyama anapoteza joto la mwili. Hapo bado hujagusa suala la hofu. Sungura ni windo, mwili wake umeumbwa kukimbia. Ukimkandamiza kwenye beseni anarusha miguu ya nyuma kwa nguvu zake zote, na teke hilo linaweza kumvunja uti wa mgongo yeye mwenyewe. Mifupa yake yote ni kama asilimia 8 tu ya uzito wake, wakati ya paka ni 12 hadi 13, na juu ya mifupa hiyo myepesi kuna misuli mikubwa ya mapaja.

Halafu hana haja ya kuogeshwa. Mtazame akiwa ametulia: analamba viganja, anapangusa uso, anavuta sikio moja chini na kulipitisha mdomoni, kisha la pili, halafu anageukia ubavu. Anafanya hivyo mara nyingi kwa siku. Sisi kazi yetu ni kuondoa manyoya yaliyokwisha kung'oka kabla hajayameza, na kutumia nafasi hiyo kumkagua mwili mzima.

Hili la kumeza ndilo linaloniuma. Paka akimeza manyoya mengi hutapika donge, yakaisha. Sungura hawezi kutapika kabisa. Kila unyoya anaoumeza sharti upite njia nzima ya utumbo. Anayekula nyasi kavu kwa wingi na kunywa maji ya kutosha huyapitisha salama. Utaokota kinyesi chake kimeunganishwa na manyoya kama shanga. Lakini anayekula nyasi kidogo, au ana maumivu, au amekosa maji, utumbo unapunguza mwendo, vilivyomo vinakauka, gesi inajaa, anaacha kula, na akiacha kula utumbo unazidi kusimama. Watu wengi husema "manyoya yamemziba". Mara nyingi utumbo ulikuwa umeshalegea, na manyoya yakakutwa humo. Kwa hiyo kitana bila nyasi hakitoshi. Zote mbili zinakwenda pamoja.

Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula na bila kunya ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kesho.

---

Kitana_Laini

Naendelea. Kupukutisha manyoya.

Kitoto cha sungura huvua koti lake la kwanza akikaribia miezi mitano hivi. Akishakuwa mkubwa, kwa kawaida hupata vipindi viwili vizito kwa mwaka, na katikati kunakuwa na vingine vyepesi. Urefu wa mchana na joto ndivyo vinavyouongoza mwili, kwa hiyo anayeishi ndani ya nyumba yenye taa muda wote anaweza kupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima bila msimu unaoeleweka.

Kwa wengi mabadiliko huanzia kichwani, yakashuka shingoni na mgongoni, kisha mbavuni na kuelekea tumboni. Utaona mstari kabisa: upande mmoja manyoya mapya yanayong'aa, upande wa pili ya zamani yaliyofifia. Kuna wanaopata viraka viraka na watu wakadhani ni ugonjwa. Namna ya kutofautisha: fungua manyoya uiangalie ngozi. Ikiwa safi, haina magamba wala wekundu, na vinyoya vipya vinachomoza, huko ni kupukutisha tu. Pengine utakuta ngozi imekuwa na weusi mahali hapo, hasa kwa sungura wenye rangi. Usishtuke, ndiko manyoya mapya yanakoota.

Siku za kawaida, sungura wa manyoya mafupi mchane mara moja kwa wiki. Akianza kupukutisha, kila siku.

Jinsi ninavyofanya mimi: natandika taulo sakafuni au kwenye meza pana isiyoteleza, namweka juu yake, simwinui. Nalowesha viganja kidogo sana na kuvipitisha toka shingoni hadi mkiani. Manyoya mepesi yananasa mikononi badala ya kuruka chumba kizima. Kisha kitana chenye meno membamba yenye ncha butu, kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, mapigo mafupi, mkono mwepesi. Kiunoni na juu ya mkia ndiko sufu ya zamani hung'ang'ania, na humo yanachomoza mashada yaliyokwisha kuachia. Hayo unayabana kwa vidole viwili na kuvuta taratibu, yanatoka yenyewe. Yakigoma, yaache, bado hayajaiva. Dakika kumi zinatosha. Akianza kugonga mguu chini au kukutolea pumzi za hasira, simamisha, utarudi jioni.

Brashi zile za waya mkali na vile vyuma vya kuchimbua sufu walivyotengenezewa mbwa, mimi sizipendi kwa sungura. Ngozi yake ni nyembamba mno, inachanika kwa kitu ambacho mbwa asingekihisi. Na mwenye sungura aina ya Rex, ambaye koti lake ni fupi kama sm 1.5 na limesimama wima, atumie kiganja chenye unyevu au brashi laini ya mpira tu. Kitana kinaharibu koti lile.

Jambo la mwisho kwenye posti hii: kumlaza chali mpaka "analala". Halali yule. Anaganda kwa woga, ndivyo mwili wake unavyofanya akikamatwa na mnyama mla nyama. Tafadhali tuache kupiga video za jambo hilo na kuziita za kupendeza.

---

Mzee_wa_Banda

Mwanangu, umeeleza vizuri, ila hapo kwa maji sikubaliani nawe moja kwa moja. Kuna sungura anakuja nyuma kumegandamana kinyesi mpaka manyoya yamekuwa ubao. Huyo utamchana na nini? Hapo maji lazima yatumike.

---

Kitana_Laini

Mzee wangu, shikamoo. Hapo tuko pamoja, na nashukuru umenikumbusha. Kinachokatazwa ni kumuogesha mwili mzima. Sehemu ya nyuma iliyogandamana ni lazima isafishwe, tena siku hiyo hiyo, kwa sababu ya inzi.

Kama uchafu ni mkavu, jaribu kwanza bila maji: nyunyiza unga laini wa wanga wa mahindi, usugue kwa vidole mpaka uchafu umomonyoke, kisha uchane. Poda zenye talki usitumie, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Ikishindikana, maji ya uvuguvugu kiasi cha sm 3 hadi 5 kwenye beseni, chini yake taulo ili asiteleze, unamlowesha nyuma tu huku mkono mmoja umekishika kifua chake. Sabuni ya nini? Maji yanatosha. Halafu unamkausha kwa taulo mpaka chini kabisa kwenye ngozi, na unahakikisha hakai kwenye upepo. Mashine ya kukaushia nywele weka joto la chini kabisa na ishike mbali, maana sungura hatoi jasho na huzidiwa na joto upesi.

Ila mzee, ukimsafisha leo na kesho amerudi hivyo hivyo, ujue kuna sababu. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kuna vile vidonge vikavu, na kuna kile laini kinachong'aa, ambacho yeye hukichukua moja kwa moja mkunduni na kukila tena, maana kina vitamini na protini. Kikibaki kimemganda, ama amenenepa hafikii, ama viungo au mgongo unamuuma hawezi kujikunja, ama meno yanamsumbua, ama anakula vyakula vya kunenepesha kupita kiasi na nyasi kidogo kiasi kwamba kile laini kimezidi. Kutafuta sababu hiyo ndiyo tiba.

---

Mzee_wa_Banda

Marahaba. Hapo sawa. Na hilo la inzi lisisitizwe, vijana wengi hawalijui.

---

Tabibu_Mifugo

Naomba nilisisitize mimi, maana nalikuta kazini. Inzi huvutwa na unyevu na harufu: kinyesi kilichoganda, mkojo, kidonda. Anataga mayai kwenye manyoya, na kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja, mara nyingine saa chache tu. Funza wanaanza kuila ngozi ya mnyama aliye hai. Asubuhi sungura mzima, kesho yake yuko taabani. Kipindi cha joto kagueni sehemu ya nyuma mara mbili kwa siku, si kwa kutazama kwa mbali, bali kwa kumwinua kidogo na kufungua manyoya kwa vidole. Ukiona hata funza mmoja, usimloweshe maji mazima mazima, funga safari uje. Waliojificha ni wengi kuliko wanaoonekana.

Na mama yetu wa uzi, ongeza kwenye ukaguzi wako chini ya kidevu. Majike wengi wana mkunjo mkubwa wa ngozi pale. Akinywa kwenye bakuli lisilomfaa, au akitokwa udenda kwa sababu ya meno, mkunjo unabaki umelowa na ngozi inachubuka. Kuna bakteria wanaoweza kuyageuza manyoya ya hapo kuwa ya kijani-buluu. Mtu akaja akasema "sijui amejipaka nini". Hajajipaka kitu, ni maambukizi.

---

Baba_Pacha

Wakuu, mimi jike langu tangu juzi linajing'oa manyoya ya kifuani na tumboni, linayabeba mdomoni na kuyapeleka kwenye kona. Ngozi inaonekana. Ni utitiri? Yuko peke yake, hajawahi kukutana na dume.

---

Kitana_Laini

Baba Pacha, hiyo ni dalili ya kutengeneza kiota. Kama kweli hajakutana na dume basi ni mimba ya uongo: mwili unajidanganya kwamba kuna vitoto. Hudumu wiki mbili hadi tatu, kisha huisha yenyewe. Usimnyang'anye kiota, atajing'oa zaidi ili akitengeneze upya. Mpe nyasi kavu nyingi za kubeba na uhakikishe anakula. Na kama kuna uwezekano wowote wa dume, hata aliyepenya uzio mara moja, hesabu siku 31 na umwandalie kisanduku.

Ila angalia ngozi. Ikiwa safi, tulia. Ikiwa na magamba au mikwaruzo, soma atakachosema Tabibu. Na kama hali hii inajirudia rudia, zungumza na daktari juu ya kumfunga kizazi, maana majike wasiofungwa wana hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba kadiri umri unavyosogea.

---

Tabibu_Mifugo

Nikiendelea hapo kwenye utitiri. Kuna unaokaa juu ya ngozi, mgongoni hasa kati ya mabega na juu ya mkia. Unaona magamba meupe kama mba nzito, na ukitazama kwa makini kwenye mwanga, baadhi ya magamba yanasogea. Chana magamba hayo juu ya karatasi nyeusi, utaona vizuri. Unaweza kumhamia binadamu na kumwasha mikononi na tumboni.

Wa masikioni ni mwingine. Unajenga magamba mazito ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, mnyama anatikisa kichwa na kujikuna. Nawaomba sana msiyang'oe magamba hayo kwa pamba wala kijiti. Chini yake ni nyama mbichi, maumivu yake ni makali. Akipata dawa sahihi, yanadondoka yenyewe.

Tofauti na hizo ni choa, yaani fangasi: viraka vya mviringo visivyo na manyoya, mara nyingi puani, masikioni na miguuni. Huambukiza watu, watoto zaidi. Vaa glavu.

Dawa: sumu ya viroboto yenye fipronili, ambayo wengi wanayo nyumbani kwa ajili ya mbwa, inaweza kumuua sungura. USIMPAKE. Zipo dawa salama kwake, lakini kipimo kinategemea uzito na hurudiwa, kwa sababu mayai hayafi kwa dozi ya kwanza.

---

Zuwena_M

Dada Kitana, msaada. Nimepewa sungura wa manyoya marefu, wamesema ni Angora. Alipokaa hakuchanwa kabisa. Nyuma ya masikio, kwapani na tumboni manyoya yamesokotana yamekuwa mafundo magumu. Nilitaka kuchukua mkasi nikate tu. Nifanyeje?

---

Kitana_Laini

Zuwena mdogo wangu, weka mkasi chini kwanza. Fundo linapovuta, linainua ngozi pamoja nalo. Wewe unaona unakata sufu, kumbe katikati ya fundo kuna mkunjo wa ngozi. Majeraha mengi ya sungura wa manyoya marefu hutokea namna hiyo, na ngozi ile nyembamba inafunguka kirahisi.

Anza na mafundo madogo. Shika sufu karibu kabisa na ngozi kwa vidole vyako, katikati ya fundo na mwili, ili mvuto wowote uishie kwenye vidole vyako na usimfikie. Nyunyiza ule unga wa wanga, ufikiche uingie ndani. Kisha lifungue kuanzia pembeni kwa vidole, uzi mmoja mmoja, na ncha ya kitana ikifuata. Usianzie katikati. Fundo lililo gumu unaweza kuligawa: pitisha kitana kati ya ngozi na fundo kama ukuta, halafu kata JUU ya kitana kwa mkasi wa ncha butu, kwa kufuata urefu wa manyoya, lipasuke vipande viwili au vitatu ambavyo utavifungua kwa mkono. Kama kitana hakipiti kati ya fundo na ngozi, hapo kazi si yako. Mpeleke kwa daktari anyolewe kwa mashine.

Fundo moja au mawili kwa siku, umpumzishe. Usitamani kumaliza leo.

Akishakuwa safi, kumbuka sufu ya Angora haikomi mapema kama ya wengine. Inakua sm 2 hadi 3 kila mwezi. Wanaowafuga kwa ajili ya sufu huivuna kila miezi mitatu hivi. Wewe unayemfuga nyumbani tu, usione aibu kumkata akabaki na urefu wa sm 2 au 3. Hapotezi hadhi yoyote. Atapata nafuu ya joto, atameza kidogo, na wewe utamchana kwa raha. Usimnyoe hadi ngozi ibaki wazi, na nyayo usiguse: sungura hana vile vitakia vya ngozi walivyonavyo paka na mbwa, manyoya ya nyayo ndiyo viatu vyake. Yakiisha, vidonda vya kisigino vinafuata, hasa akikaa kwenye sakafu ya waya.

---

Baba_Pacha

Asante, ngozi ni safi, magamba hakuna. Kiota nimemwachia. Swali la pembeni: kucha. Zake ni nyeusi, mshipa sioni.

---

Kitana_Laini

Washa tochi ya simu chini ya ukucha, mshipa unaonekana kama kivuli ndani. Usipoona, kata ncha tu, mm 1 au 2, urudie baada ya wiki mbili. Kabla hujakata bana kidogo kwa mkasi bila kukata. Akivuta mguu, umekaribia mno. Ukigusa mshipa, bandika ule ule unga wa wanga na ukandamize dakika kadhaa. Kucha ziko 18: mbele tano tano, nyuma nne nne. Ya tano ya mbele iko juu kwa ndani, ndiyo inayosahaulika, inajikunja na kumchoma. Kila wiki nne hadi nane kagua.

---

Salha_Hamsta

Na sisi wenye wanyama wengine? Nina simbilisi wawili na hamsta, rafiki yangu ana chinchila. Kanuni ni hizo hizo?

---

Tabibu_Mifugo

Kutoogesha ovyo ni kule kule, mengine yanatofautiana.

Simbilisi wa manyoya marefu huchanwa kila siku au siku mbili, na sketi ya nyuma inakatwa isiburuzike kwenye mkojo. Madume wana tezi ya mafuta mwishoni mwa mgongo. Ikinata, ipanguse kwa mafuta kidogo ya nazi na kitambaa chenye uvuguvugu. Lakini koti lao huanzia chakulani. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, sawa na wetu. Akikosa, manyoya yanakuwa makavu na yamesimama, viungo vinauma, vidonda haviponi. Anahitaji kama mg 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na akiwa mgonjwa au mjamzito zaidi. Tone za kwenye maji zinaharibika upesi, mpe mboga mbichi au kidonge. Jike mtu mzima anayepoteza manyoya mbavuni pande zote mbili sawasawa, mara nyingi ni uvimbe wa maji kwenye ovari. Akijikuna mpaka anapata degedege, ni utitiri wao wa chini ya ngozi, njoo upesi.

Chinchila maji hapana kabisa. Tundu moja la unyoya kwake hutoa makumi ya nywele, hapakauki pale, panaota fangasi. Anaoga vumbi laini la mawe ya volkano, dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa wiki, kisha unaondoa chombo. Mchanga wa kawaida unamkata manyoya. Na usimkamate kwa koti: akitishika anaachia manyoya yanabaki mkononi mwako.

Hamsta mpe mchanga safi usio na vumbi, kinyume cha chinchila, kwa sababu vumbi linamwumiza mapafu. Vile vidoa viwili vyeusi ubavuni au kiunoni ni tezi za harufu. Watu huzileta kwangu wakidhani ni vidonda au uvimbe, hazihitaji kitu.

---

Salha_Hamsta

Nimekuwa nikiwapa simbilisi tone za kwenye maji tu. Leo naanza mboga.

---

Zuwena_M

Nimerudi na majibu. Yale ya nyuma ya masikio yamefunguka kwa vidole na unga, hakulia wala kunigombeza. La tumboni nimeligawa, limebaki kidogo. La kwapa la kushoto ndilo gumu, kitana hakipiti na pakiguswa anashtuka. Ninaona wekundu pembeni yake. Na leo nyasi amekula chache kuliko jana.

---

Kitana_Laini

La kwapa usiliguse tena. Mpeleke leo, na nyasi ndiyo sababu ya kusema leo, si kesho. Mwambie daktari ratiba ya kula na kunya tangu jana, akague meno na tumbo kabla ya kunyoa. Akisema lazima apewe dawa ya usingizi, usimfungishe kula kabla ya hapo: sungura hafungi kama mbwa, maana hatapiki. Beba nyasi zake kwenye kisanduku ale njiani na akizinduka. Ukitoka huko tuandikie hapa, nitakuwa naangalia.